Siku Paa la Mapendo Lilipopotea

Watu wanadhani hali ya hewa inasomwa kwenye mashine. Nikisema nilifanya kazi ya meteo kwenye uwanja wa ndege wa Goma, nikiwaandikia marubani ripoti ya kila saa, mutu ananiuliza papo hapo, "Mulikuwa na mashine ya aina gani?" Ninajibu: macho mawili, na paa la nyumba ya watu. Wanacheka. Sikusema ili wacheke. Mashine tulikuwa nazo, ya upepo, ya joto, ya mgandamizo wa hewa, na siku ambazo umeme ulikuwepo zilifanya kazi vizuri tu. Lakini kuna jambo moja ambalo pale kwetu lilipimwa kwa macho: rubani anataka kujua ataona mbali kiasi gani akishuka. Na Goma, mji uliobanwa kati ya ziwa na volkano inayovuta moshi kama muzee mwenye kiko, jibu linaweza kubadilika kati ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili.

Basi ukutani, juu ya meza yetu, palikuwa na karatasi iliyofunikwa plastiki. Orodha ya alama. Mnara wa maji, mita mia tano. Ukuta mweupe wa gereji, mita mia nane. Paa jekundu la mtaa wa Mapendo, kilometa moja na nusu. Kilima cha Goma, zaidi ya tatu. Milima ya Kibumba, mbali kabisa, hiyo ni ya siku ambazo hata hewa imeenda kuoga. Unapanda kwenye baraza la juu, unatazama. Alama ya mwisho unayoiona ndiyo unayoandika. Ukiona paa lakini kilima hukioni, andika kilometa moja na nusu. Paa nalo hulioni, andika mita mia nane, na hapo ndege ndogo, zile ambazo rubani anatua kwa kutazama ardhi, haziondoki huko ziliko. Abiria wanakaa juu ya mizigo yao wanangoja wewe uone paa.

Paa lenyewe usifikiri lilipakwa rangi. Ilikuwa kutu. Mabati ya zamani, manjanja kama tunavyoyaita huku, yaliyoliwa na mvua na moshi wa volkano mpaka yakawa mekundu kama udongo wa kwetu Butembo. Kati ya nyumba zile nyeusi za mawe ya volkano lilijitokeza lenyewe, hata mutoto angeliona.

Shefu wetu, mkubwa wetu wa kazi, muzee mwembamba aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka, alikuwa na sheria yake ambayo huwezi kuikuta kwenye kitabu chochote: mutu mupya haruhusiwi kuandika alama ambayo hajaigusa kwa mkono wake. "Utamuandikia rubani kitu haujakijua? Enda kwanza ukisalimie." Na hakuwa akitania. Wiki yangu ya kwanza nilitumwa kwa miguu, alama moja baada ya nyingine, nikihesabu hatua. Mnara wa maji niliushika mbele ya walinzi, wakadhani nimerukwa na akili. Kibumba nilikwenda juu ya gari la viazi, nikagusa mlima, nikarudi na vumbi mpaka ndani ya masikio.

Mapendo nilizunguka asubuhi nzima kabla ya kulipata lile paa, maana kutoka chini paa halionekani kuwa jekundu, linaonekana ukuta tu kama kuta nyingine. Nililijua kwa sababu kulikuwa na kijana juu yake, amepiga magoti, anaziba matundu ya kutu kwa lami. Nikaita kutoka barabarani:

"Samahani, papa! Nimekuja kugusa paa yenu!"

Akageuka polepole. "Papa ni nani? Mimi sina hata muke."

"Niko mutu wa meteo."

"Sasa meteo inapima kutu?"

Nilikuwa na njaa, nilikuwa na malengelenge, na mimi hasira yangu haina mlango, inatoka tu. Nikamwambia kama hataki niguse aseme, nimwandikie rubani kwamba mwenye nyumba amekataa. Alicheka hadi brashi ya lami ikamtoka mkononi. Halafu akateremsha ngazi, akaishika, nikapanda, nikaweka viganja vyangu viwili juu ya bati. Viganja vikawa vyekundu. Mama yake, mama mmoja mpole wa milima ya Masisi, akanipa maji ya kunawa na kipande cha fromaji, jibini ya kwao, na mimi nikala mbele ya watu nisiowajua bila aibu.

Yule kijana alikuwa mwalimu wa hesabu. Akaomba namba ya simu, eti apate kujua kama kesho mvua itanyesha, ajue la kufanya na matundu yake. Toka siku hiyo kila asubuhi ujumbe mmoja tu: "Ninaonekana?" Nami ninapanda barazani, ninatazama, ninajibu: "Unaonekana, kilometa moja na nusu." Ndivyo tulivyochumbiana, miaka minne.

Mama yangu alikuja kumwona mara moja, siku ya utambulisho. Yeye ni mfanyabiashara, amezunguka masoko yote kuanzia Beni hadi huku, na mdomo wake hauna breki. Alishuka kwenye gari amechoka vibaya, na kabla hata hajasalimia akainua macho. "Mutoto wangu nilimulea chini ya bati safi," akasema mbele ya familia nzima. "Sasa anakuja kulala chini ya kutu?" Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mchumba wangu alikuna kichwa, akatabasamu. Kisha wakala, wakaimba, mambo yakapita. Mimi nikasahau. Kumbe mwenzangu hakusahau.

Harusi tukaipanga Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Padre alituambia wazi: ikipita hiyo, mungoje mpaka baada ya Pasaka. Na mama alikuwa ameapa kwamba barabara ile hatairudia tena, kiuno chake, alisema, kilibaki huko kwenye mashimo. Basi atakuja kwa ndege. Hajawahi kupanda ndege maishani. Ndege ndogo ya Butembo ilikuwa inakuja Jumanne na Ijumaa, na Jumanne bado alikuwa anamalizia kuuza maharagwe yake. Ilibaki Ijumaa, moja tu. Na mimi nilikuwa nimemwambia kila mutu, kuanzia padre hadi mshonaji: bila mama siingii kanisani. Baba yangu alikufa ningali mgongoni. Mama ndiye aliyenibeba sokoni, ndiye aliyelipa masomo yangu kwa maharagwe na vitenge. Nani mwingine angenishika mkono kunipeleka mbele?

Jumatano na Alhamisi nilikuwa konje, likizoni, ninasukwa nywele na kugombana na mshonaji. Nyumba ya Mapendo sikuikaribia, kwa kuwa kwetu bibi arusi hapiti kwa wakwe wiki ya harusi. Lakini Ijumaa asubuhi niliomba kurudi kazini. Muzee shefu alikataa.

"Mwenye mutu wake ndani ya ndege hakai kwenye zamu."

"Muzee, miaka mine niko naletea watu mama zao. Wangu atakuja kwa macho ya nani?"

Aliniangalia sana. "Haya," akasema. "Lakini mimi nitapita."

Ijumaa saa kumi na mbili nilikuwa barazani, nywele zimefungwa kitambaa. Ziwa lilikuwa limepumua usiku kucha, moshi wa volkano umelala juu ya ukungu wake, kila kitu rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji. Mnara wa maji, upo. Ukuta wa gereji, upo. Mapendo, hakuna kitu. Nikaandika mita mia nane. Mwenzangu wa zamu ya usiku akaniambia nisihofu, siku mbili zote kilima cha Goma kilikuwa kinaonekana wazi mchana kutwa, hakuna hata aliyehitaji kutafuta paa. Leo nako kutafunguka tu.

Saa moja, mita mia nane. Simu ikalia: "Ninaonekana?" Nikajibu: "Hapana." "Ni ukungu?" akauliza. "Ni ukungu." Kumbe alikuwa amesimama kwenye ua wake, anaona mpaka shule ya jirani, na alijiambia kwamba yeye ni nani abishane na meteo. Mwalimu mzima wa hesabu!

Saa mbili, mita mia nane. Mama akapiga.

"Rubani anasema Goma inakataa. Goma ni nani? Si ni wewe?"

"Mama, ni ukungu."

"Ukungu gani? Huku jua inawaka mpaka kichwa inaniuma."

"Huko si huku, mama."

"Mutoto, mimi nilikubeba miezi tisa. Wewe unashindwa kunibeba saa moja?"

Nikakata simu nikijifanya mtandao umeanguka. Mungu anisamehe.

Saa mbili na nusu watu wa mnara wa kuongozea ndege wakaniletea neno la rubani: atangoja mpaka saa nne, basi. Baada ya hapo mawingu yanaanza kupanda juu ya milima ya katikati na yeye hatoki tena. Abiria watarudishiwa mizigo, waje Jumanne. Jumanne! Jumanne watu wanakula mikate yao ya mwisho, Jumatano wanapakwa majivu.

Saa tatu nikapanda tena. Nilitafuta lile jekundu hadi macho yakatoa machozi. Hakuna. Nikashuka, nikakaa mbele ya fomu na kalamu mkononi. Sitaficha: niliifikiria ile namba, kilometa moja na nusu. Ni namba moja tu, nani angejua? Halafu nikamwona akilini rubani anashuka kutoka kaskazini kwenye yale maziwa, volkano upande mmoja, haoni chini, na nyuma yake mama yangu na rozari. Nikaandika mita mia nane. Nikaweka kichwa juu ya meza nikalia kwa sauti, na kitambaa cha nywele kikafunguka.

Hivyo ndivyo muzee shefu alivyonikuta. Akapanda barazani, nikamfuata nikipangusa pua. Akasimama, mikono mifukoni mwa lile koti lake.

"Unaona nini?"

"Mnara. Gereji. Basi."

"Na ule muti?"

"Muti gani?"

"Mukaratusi wa shule, kule Mapendo. Unauona ao hauuoni?"

Nikatazama. Ulikuwepo. Mwembamba, wa kijivu, lakini ulikuwepo na kichwa chake kimeinama vilevile kama siku zote.

"Naona."

"Muti uko mbele ya paa ao nyuma?"

"Nyuma."

Akanigeukia. "Sasa paa imeenda wapi?"

Nyamuhanga, Mungu wangu! Asubuhi nzima nilikuwa natafuta rangi, sikuwa natazama mbali. "Tangu saa ngapi muti unaonekana?" akauliza. Sikujua. Sikuutafuta, haumo kwenye orodha.

"Basi niandike, muzee! Kama muti unaonekana, ni zaidi ya kilometa moja na nusu!"

"Ule muti uliugusa?"

"Hapana, lakini..."

"Mimi pia sikuugusa. Kwamba uko nyuma ya paa, ni macho tu yanasema, mguu haujafika."

"Muzee, hii sheria yako itaniua!"

"Haijaua mutu. Piga simu."

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Mchumba wangu akapokea mara ya kwanza.

"Paa iko wapi?" nikapiga kelele.

Akajibu kwa sauti ndogo: "Nani amekuambia?"

Yakamtoka yote. Jumatano na Alhamisi, yeye na ndugu zake, walikuwa wameng'oa kutu yote na kupiga manjanja mapya, meupe, yanang'aa. Mwaka mzima alifundisha watoto wa watu jioni ili ayapate. Iwe mshangao, wangu na wa mama. "Mama yako alisema kutu," akaniambia. "Sikutaka aseme tena." Sikujua nicheke au nimng'ate. Bati jipya chini ya ukungu ni ukungu tu. Nilikuwa nalitazama tangu alfajiri, nalo linanitazama.

"Panda juu," nikamwambia.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi! Na kitu chekundu, kikubwa!"

"Chekundu hatuna... Kiko kikwembe ya mama yako."

Ilikuwa zawadi ya kumpokelea mama: kitenge cha waksi, chekundu chote, kimekunjwa na kuvishwa utepe, na mama mkwe alikuwa amekilinda wiki nzima asikiguse hata panya.

"Mama atanikata," akasema.

"Mimi nitakukata wa kwanza. Panda!"

Tukangoja, mimi na muzee, tumeegemea ukingo. Nilikuwa naomba kwa sauti na sikuona haya. Saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika thelathini na tano. Ndipo chini ya ule mkaratusi kukatokea doa. Dogo, kama tone la nyanya kwenye shati. Likapotea. Likatokea tena, likapanuka, likaanza kupepea.

"Ninaonekana?" alikuwa anapiga kelele ndani ya simu, mpaka na mama yake nikamsikia anapiga kelele chini ya ngazi. "Ninaonekana?"

"Unaonekana! Unaonekana!"

Muzee shefu akatoa miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa tena. Hakuwa na haraka hata kidogo. "Ile nyumba uliigusa?" akauliza. Nikamwonyesha viganja vyangu, kana kwamba kutu ingalipo. "Basi," akasema. "Kilometa moja na nusu. Andika."

Niliandika vibaya sana, yeye akatia sahihi chini yangu. Watu wa mnara wakapeleka Butembo. Saa nne kasoro dakika kumi wakatuambia ndege imeondoka, na kabla haijafika ukungu wenyewe ukainuka, kilima kikatokea, kila kitu kikawa wazi kana kwamba tulikuwa tunasumbuka bure. Mama alishuka ngazi za ndege ameshika rozari mkono mmoja na kapu mkono mwingine. Alinipita akaenda moja kwa moja kwa muzee shefu.

"Ni wewe mkubwa wa huyu? Mufundishe kuona!"

"Mama, tumemufundisha leo," muzee akajibu.

Kufika Mapendo, akasimama barabarani, akainua macho kama mara ya kwanza. Manjanja yalikuwa yanawaka jua. Mama yangu akashusha kapu chini, akajikinga macho kwa kiganja. Ndipo mama mkwe akaleta kitenge kwa mikono miwili, na uso umemwanguka kwa aibu, kwa kuwa kilikuwa kimelowa umande na msumari ulikuwa umekichana pembeni. Ikabidi kueleza. Mchumba wangu alieleza, anaangalia viatu vyake. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini juu ya jiwe akacheka mpaka kilemba kikamtoka.

"Kumbe ni mdomo yangu ndiyo ilinifunga pale!" akasema. "Ni mimi mwenyewe nilijizuia!"

Mama mkwe alitaka kukishona, mama akakataa. Kesho yake alinishika mkono kunipeleka mbele ya altare amevaa kitenge kile, mchano uko nje, na kwenye karamu alimwonyesha kila mutu: "Munaona hapa? Hapa ndipo ndege yangu ilipita." Mimi nilikuwa na furaha mpaka sikuhisi viatu vilivyokuwa vinanibana.

Ilibaki orodha ukutani. Muzee hakutaka kulifuta paa, hakutaka kuliacha, na kila asubuhi ya ukungu tulikuwa tunahangaika. Aliyelimaliza ni mama. Alipokuja kumwona mjukuu wa kwanza, siku ya pili alikwenda sokoni Birere akarudi na madebe mawili ya rangi nyekundu kichwani mwa mchukuzi. Akamsimamisha mkwe wake juu ya paa, yeye chini, anaelekeza kwa kidole. "Pale umeruka! Na pale! Unataka siku ingine mutoto aseme hanioni?"

Siku hizi, tangu vita vifike, ndege hazitui. Uwanja umenyamaza, na barabara ya Butembo ni ndefu kuliko zamani. Sina ripoti ya kumwandikia mutu. Lakini saa kumi na mbili asubuhi simu inalia, si ya mume wangu, yeye yuko hapa anatafuta soksi. Ni mama.

"Ninaonekana?" anauliza. Ameliiba neno letu.

Ninavaa sandali, ninapanda kilimani kwetu mpaka pale kwenye kona ninapoweza kuliona lile paa alilolinunulia rangi, kwa sababu mama akisikia ninajibu nikiwa bado kitandani ananigombeza. Ninatazama.

"Unaonekana, mama."

"Sawa. Siku watasema ndege inatoka, mimi niko wa kwanza. Mizigo nimeshafunga."